Mume wangu anataka motohomu ya vitanda sita, mimi magoti hayanisikii

BARUA

Kaka, assalaam aleikum. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi ikiwezekana, maana nyumbani hatuelewani.

Mimi ni mama wa miaka 66, kwetu Tanga, niko Leicester tangu 1993. Nilikuwa muuguzi mpaka mwaka jana nilipostaafu. Mume wangu ana miaka 64, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, naye mwakani anapumzika. Watoto wetu watatu wameshatoka nyumbani. Wawili wako London na wametupatia wajukuu wanne, mkubwa ana miaka tisa. Kaka, miaka yote hii likizo zetu zilikuwa za kwenda kuuguza na kuzika. Kusafiri kwa kujifurahisha hatujawahi. Kwa hiyo tulikubaliana zamani kwamba tukistaafu tutanunua motohomu, yaani gari la kulala na kupikia ndani, tuzunguke Wales na Scotland, na baridi ikianza tushuke Uhispania tukae huko hadi majira yabadilike. Hilo tunalitaka wote.

Ugomvi umekuja kwenye gari lenyewe. Mume wangu amepata moja ya 2014, urefu wa mita 7.4, vitanda sita, kimoja kiko juu ya kichwa cha dereva, unapanda kwa ngazi. Anasema wajukuu watalala huko. Bei ni pauni 46,000. Karatasi aliyokuja nayo inasema uzito wa gari likiwa tayari kwa safari ni kilo 3,240 na kikomo chake likishapakiwa ni kilo 4,250. Muuzaji amemwambia asiwe na wasiwasi wa leseni, kwamba kikomo kinaweza kushushwa kwenye karatasi kiwe kilo 3,500. Anataka kishika uchumba cha pauni 1,000 Jumamosi hii, anasema kuna mteja mwingine anakuja na fedha mkononi.

Mimi nimeliona. Ni zuri, silikatai. Lakini nilipokaa chooni mlango ukagonga magoti yangu haukufungika, na ile ngazi ya kitandani nilipanda hatua mbili nikashuka. Magoti yangu yameshachoka na wodi. Pia nina sukari, mwaka wa pili huu niko kwenye insulini. DVLA, wale wa leseni za madereva na usajili wa magari, nimewaarifu, wakanipa leseni ya miaka mitatu. Leseni ya kwanza ya hapa niliipata 1995, mume wangu alifaulu 2001.

Jambo jingine, mimi nilichukua uraia wa Uingereza, yeye amebaki na pasipoti ya Tanzania kwa sababu kwetu huwezi kushika mbili na hakutaka kuipoteza. Na ana ndoto yake nyingine, kwamba siku moja tutaliendesha hilo gari mpaka Tanga.

Fedha ni kiinua mgongo changu, pauni 68,000. Nyumba yetu Tanga imefika kwenye lenta, bado paa. Sipendi kumvunja moyo mume wangu, amejinyima sana kwa ajili ya watoto. Lakini kila nikiliwaza gari lile usingizi unaruka. Nilitaka kitu kidogo. Je, mimi ndiye mwoga? Tununue lipi?

Dada yako, Mama wa Wajukuu Wanne, Leicester

JIBU

Waaleikumu salaam dada yangu, na hongera kwa kustaafu salama.

Wewe si mwoga. Msitoe kishika uchumba Jumamosi. Mteja mwingine akilichukua, mwacheni aende nalo kwa heri. Nitakueleza kwa nini, na nakuomba usome jibu hili pamoja na shemeji, kwa sababu mengi yaliyomo yeye hakuelezwa na aliyekuwa akimuuzia.

Leo jioni toa leseni yako kwenye pochi uigeuze upande wa nyuma. Kuna orodha ya herufi. Waliofaulu mtihani wa gari hapa Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa na daraja la C1, linaloruhusu gari la hadi kilo 7,500. Waliofaulu baada ya hapo wana B peke yake, na mwisho wao ni kilo 3,500. Shemeji alifaulu 2001, kwa hiyo gari lile la kilo 4,250 yeye haruhusiwi hata kulitoa kwenye uwanja wa muuzaji. Wewe wa 1995 ndiye uliyekuwa na ruhusa hiyo, sijui kama ulikuwa unajua. Lakini ulipoanza insulini, C1 haiendelei hivihivi. Inabidi iombwe upya na uchunguzwe na daktari bingwa wa kisukari kila mwaka. Walipokupa leseni ya miaka mitatu, huenda C1 walishaiondoa. Kama nyuma ya kadi haipo, basi hilo gari mnalotaka kulinunua kwa fedha ya miaka yako yote ya wodi, hakuna kati yenu anayeruhusiwa kuliendesha. Na hata kama ipo, ukifika miaka 70 itakoma usipoleta fomu ya daktari.

Ndipo muuzaji anapokuja na dawa yake ya kushusha kikomo. Kisheria inawezekana. Ni kibao cha uzito kinabadilishwa na karatasi zinarekebishwa, gari lenyewe halipungui hata gramu. Sasa twende na namba alizokuja nazo shemeji. Kikomo kipya kilo 3,500, toa 3,240, zinabaki 260. Katika zile 3,240 dereva amehesabiwa kuwa na kilo 75, na dizeli na gesi zimo. Wewe humo. Tuseme una kilo 75. Shemeji kama ni mwanamume wa kawaida wa umri wake amezidi zile 75 za kitabuni, mwekee 20. Kivuli cha pembeni kile cha kukunjua, kama kilifungwa baadaye, ni kilo 30. Betri ya pili 25. Meza na viti vya nje 15. Nguo, sufuria, vyakula, mashuka, dawa, vifaa vya watu wawili wanaokwenda miezi mitatu, 80, na hapo umejibana. Jumla ni 245. Zimebaki kilo 15. Mjukuu hata mmoja hapandi.

Gari lililozidi uzito likisimamishwa mnapigwa faini na mnaweza kuzuiwa kuendelea mpaka mzigo upungue, na kampuni ya bima ikipata sababu ya kukataa dai haitaiacha. Lakini mimi naogopa zaidi matairi. Tairi la nyuma lililoelemewa, kwenye lami ya Uhispania inayochemka, likipasuka gari refu namna hiyo huyumba vibaya. Kwa hiyo gari lolote mtakalolipenda, ulizeni kwanza uzito unaobaki baada ya nyinyi wawili kuingia. Mkishanunua, lipakieni kama mnavyosafiri mlipeleke kwenye mzani wa umma, wapime ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali.

Hesabuni pia mikanda. Vitanda sita maana yake watu sita wanaweza kulala limesimama. Motohomu nyingi za vitanda sita zina viti vinne tu vyenye mikanda. Nyinyi wawili mbele, wanabaki wajukuu wawili, na kila mmoja anahitaji kiti chake cha watoto mpaka afike miaka 12 au kimo cha sentimita 135. Wale wawili wengine watakuja kwa gari gani? Baba yao atawafuata nyuma na gari lake. Kama atawafuata, basi aje na hema akalisimamishe pembeni, na watoto watafurahia hema kuliko kitanda cha darini.

Na kwenda kuwachukua hao wajukuu London kuna bei yake. Motohomu ya 2014 kwa kawaida ina injini ya kiwango cha moshi cha Euro 5. Eneo la hewa safi la ULEZ tangu Agosti 2023 limefunika wilaya zote za London, na dizeli inatakiwa iwe Euro 6. Isiyofika hapo inalipa pauni 12.50 kila siku inapotembea. Likiwa limebaki na kikomo cha kilo 4,250 linaingia fungu la magari mazito, na huko ni pauni 100 kwa siku. Wikiendi moja ya kusalimia wajukuu, Jumamosi kwenda na Jumapili kurudi, ni pauni 200 kabla hujanunua hata zawadi.

Kwa hiyo lile la 2014 liwekeni pembeni. Sasa nizungumze unachokitafuta hasa.

Mimi kipimo changu kwa wastaafu wawili ni kwamba kila mmoja aweze kuliendesha, kulilalia na kulihudumia gari hilo bila msaada wa mwenzake. Nafahamu shemeji ndiye mwenye hamu ya usukani. Lakini fikirini mko Almería, huko Uhispania, mwezi wa pili, yeye amepatwa na mgongo au amelazwa, na wewe ndiye unayetakiwa kulirudisha gari mpaka Leicester. Ukiwa hujawahi kulishika, au leseni yako hairuhusu, mtakwama. Muuguzi hahitaji kuelezwa kwamba mambo hayo hutokea.

Ndiyo maana nawaelekeza kwenye kampavani ndefu, yaani vani la bati lililogeuzwa kuwa nyumba, lenye kikomo cha kilo 3,500. Nyingi zimejengwa juu ya Fiat Ducato na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Relay. Ziko za mita 5.4, za mita 6, na za mita 6.36. Ile ya mita 6 mtaonyeshwa sana kwa sababu inauzika, lakini kitanda chake cha nyuma hulazwa kukata upana wa gari. Mmoja analala ukutani, na akitaka kwenda msalani usiku anapita juu ya mwenzake. Wewe mwenye sukari unaamka mara ngapi? Na urefu wa kitanda hicho ni sentimita 190 hivi au pungufu, mwanamume mrefu anakunja miguu usiku kucha.

Kwenye ile ya mita 6.36 kuna mpangilio wa vitanda viwili vya mmojammoja, vimelazwa kufuata urefu wa gari, na njia katikati. Kila mtu anashuka upande wake, anakanyaga kidato kimoja, choo kiko hatua mbili mbele. Wengi huongeza ubao na mto katikati vikawa kitanda kimoja kikubwa, hiyo ni hiari yenu. Mpangilio huo ndio ningemchagulia mama yangu. Tafuteni pia wenye gia otomatiki. Ducato za miaka ya karibuni zinayo, na goti la kushoto litakushukuru kwenye foleni za barabara kuu.

Mkienda kuangalia msikubali kusimama mlangoni mkisifia taa. Vueni viatu. Lala kitandani, na shemeji alale cha kwake, kaeni hapo dakika kumi. Ukae chooni na mlango umefungwa kabisa, ujaribu kuinuka bila kushika mahali. Uliyoyafanya kwenye lile gari ulifanya vizuri sana. Usimame jikoni kama unayesonga ugali, uone kiwiko kinagonga wapi. Na kwa kuwa umenisalimia kwa salamu yetu, tandika mswala kwenye ile njia ya katikati uone kama mtu anasujudu bila kichwa kugonga kabati. Wakati mwingine itabidi nje, chini ya kivuli. Tangi la maji safi la lita 100 kwa watu wanaotawadha mara tano kwa siku haliendi mbali, nayo ni kilo 100 mnazobeba. Ulizeni mpira wa kujazia ni wa urefu gani na bomba liko upande gani.

Choo chenyewe ni cha kaseti. Chini yake kuna tangi dogo linalochomolewa kwa nje, lita 18 hivi, likijaa linakaribia kilo 20, na mtu analiburuta mpaka mahali pa kumwagia. Chagueni lenye magurudumu na mpini, msingoje lijae. Kazi hii wanaume wengi huichukua wenyewe bila kuambiwa, lakini wewe pia ujaribu kulichomoa pale dukani ili ujue kama unaliweza.

Sasa friji, na hapa nakuomba usilegeze. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Motohomu nyingi zina friji ya njia tatu: gesi, umeme wa kambini, na umeme wa gari likiwa linatembea. Ni kimya, lakini gari likiegeshwa kwenye mteremko haifanyi kazi vizuri, na joto la Uhispania linapopanda inahema. Kampavani nyingi za sasa zina friji ya kompresa inayotumia umeme wa betri, nayo inashika baridi vizuri hata gari likiinama. Wewe chukua ya kompresa. Masharti yake ni betri nzuri na sola juu ya paa. Betri ya lithiamu ya saa-ampea 100 ina kilo 13 hivi, ile ya risasi ni kama 25, na hiyo ya lithiamu utaitoa chaji nyingi zaidi kabla haijaumia. Weka kipimajoto kidogo ndani ya friji, na ile kalamu uliyokwisha kuifungua ikae kwenye kifuko chake mbali na dashibodi.

Hita ikiwa ya dizeli inanyonya kutoka tangi la gari, mna shida moja pungufu. Ikiwa ya gesi, kumbukeni mitungi mingi ya Uingereza haibadilishwi Ulaya, mtungi ukiisha Ufaransa hakuna wa kuupokea. Wanaokwenda sana hufunga mitungi ya kujaza wenyewe pampuni.

Kuhusu jipya au lililotumika, kwa umri wenu na fedha hiyo ningenunua lililotumika, la kuanzia 2018, ambalo linakuwa na Euro 6. Kwa pauni elfu arobaini na kitu mtapata kampavani nzuri. Vani la bati lina faida ambayo wauzaji hawaisemi sana. Mwili wake umetoka kiwandani mzima, hauna viungo vingi. Motohomu ya kuunganishwa kwa paneli ina maungio kila pembe, na maji ya mvua ya nchi hii huingia taratibu kwa miaka, mbao za ndani zinaoza na kwa nje hakuna kinachoonekana. Hasa pale penye kitanda cha juu ya dereva, pua ile inapokutana na paa.

Hata vani likaguliwe. Fungua kabati zilizo juu kabisa, ingiza mkono mpaka kwenye kona, bonyeza kwa dole gumba kuzunguka dirisha la darini. Panapobonyea pana maji. Nusa kabati lililofungwa muda mrefu, manukato ya dukani hayawezi kuficha harufu ya ukungu humo. Muuzaji wa kweli atakuwa na ripoti ya unyevu ya kila mwaka. Kipimo cha chini ya asilimia 15 ni salama, 15 hadi 20 ni cha kuangaliwa, kikipita 20 muulize maji yanaingilia wapi, na kikifika 30 ondokeni. Tazama matairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Magari haya husimama sana, tairi linaweza kuwa na meno yote na mpira umeshapasukapasuka. Na mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa umri, hata kama maili ni chache.

Lakini kabla ya hayo yote, kodini. Chukueni kampavani ya vitanda viwili vya mmojammoja kwa wiki moja, baada ya shule kufunguliwa bei inashuka, mwende Wales au milima ya Yorkshire. Ombeeni mvua inyeshe. Siku tatu za mvua ndani ya chumba cha mita sita zitawaambia kuhusu gari na kuhusu nyinyi wenyewe mambo ambayo hayatajulikana uwanjani kwa muuzaji. Shemeji akirudi bado anataka kubwa, mtakuwa mnabishana juu ya kitu mlichokijua. Ulizeni ukomo wa umri wa madereva, kampuni nyingine hukataa waliozidi 70, na wewe uulize kuhusu insulini. Mkiwa barabarani endesha na wewe.

Huko Scotland sitawachelewesha, isipokuwa neno moja. Watu watawaambia Scotland unalala popote. Sheria ya 2003 inampa mtu wa miguu haki ya kupita na kupiga hema, magari hayamo. Jiungeni na Caravan and Motorhome Club au Camping and Caravanning Club, zote zina viwanja vidogo vya mashambani visivyozidi magari matano, pametulia na bei ni nafuu. Na ile njia ya Bealach na Bà kwenda Applecross ina vibao vinavyowaonya wenye magari makubwa. Na hapo ule urefu uliopungua mita moja mtauona faida yake.

Uhispania ndiko kwenye karatasi nyingi. Wewe kwa pasipoti ya Uingereza unaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zisizokaguana mipakani, kwa pamoja. Siku mnazopita Ufaransa zinahesabiwa humohumo. Shemeji kwa pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen kwanza, ada ni yuro 90, aombe ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, naye atafungwa na siku zilezile 90. Aombe ya kuingia mara nyingi. Mkipanga Januari hadi Machi mtatosheka, lakini ule mpango wa kukaa tangu Oktoba hadi Aprili haupo tena tangu 2021. Hili lina uhusiano na ununuzi wenu: msinunue gari la bei ya kuishi nusu mwaka Ulaya wakati sheria inawapa miezi mitatu. Tena nyama na maziwa ya Uingereza hayaruhusiwi kuingizwa Ulaya, hata sambusa za nyama ulizogandisha. Pika na mle upande huu wa bahari.

Na Tanga. Dada, najua ndoto hii shemeji ataitetea kwa moyo wote, na mimi naiheshimu. Mwambie ukweli wake. Njia ya kupitia Misri inaingia Sudan, na Sudan iko vitani tangu Aprili 2023. Tuseme amani imerudi, inshallah. Injini ya Euro 6 imetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, na huko njiani huna hakika ya kuipata dizeli ya namna hiyo. Mfumo wa kusafisha moshi utalalamika, AdBlue, ile dawa ya kusafishia moshi, utaitafuta, na kompyuta ikikataa kuwasha injini fundi mwenye mashine ya kuisoma hayuko kila mji. Gari linavutwa na magurudumu ya mbele, tumbo liko chini, kwenye njia ya udongo iliyolowa halifiki mbali. Mkilipeleka kwa meli mkaamua libaki, kuna ushuru, na gari kuukuu huongezewa. Fedha hizohizo kule mtakodi Land Cruiser yenye hema la juu ya paa pamoja na dereva, mkapanda Mombo kwenda Lushoto, mkashuka Pangani, na yeye akawa mwenyeji anayetembeza wageni kwao. Hiyo ni safari anayoweza kuipanga mwakani bila kungoja Sudan.

Fedha, basi. Ni zako, na hilo halihitaji kutamkwa mezani, lakini risiti iandikwe jina lako, kwa sababu ile kadi ya gari ya DVLA humtaja mtunzaji na haithibitishi mmiliki. Mimi ningeezeka Tanga kwanza. Kuta zilizofika lenta zikanyeshewa masika mengine mawili utalipia mara mbili. Kisha usivuke pauni 42,000 kwenye gari, na elfu nne ubaki nazo mkononi kwa mwaka wa kwanza: bima, matairi, ukaguzi, mahali pa kuliegesha, bima ya safari iliyoandikwa wazi kwamba una kisukari. Kisukari ukikificha kwenye fomu hiyo bima haina maana.

Kuhusu kumvunja moyo, sidhani utamvunja. Anachokitaka kwenye vile vitanda sita ni wajukuu, na hilo jibu lake lipo. Nunueni hema la kuunganisha ubavuni mwa vani, la hewa, lisilohitaji vyuma, watoto wawili wanalala humo raha mustarehe na wazazi wao wakaja na la kwao. Mwache yeye achague hema hilo, na njia za safari ya kwanza. Wewe uchague vitanda na friji. Leseni na mizani havina mjadala, mwonyeshe tu nyuma ya kadi yako na ya kwake.

Jumamosi asubuhi mpigieni muuzaji mumwombe picha ya kibao cha uzito kilichoko karibu na mlango au chini ya boneti, na ripoti ya unyevu ya mwaka huu. Akizileta bila maneno mengi, niandikie, nitakusaidia kuzisoma hata kama hamtalinunua, mtakuwa mmejua la kuomba kwa muuzaji wa pili.